Upepo wa droni, au mkondo wa hewa?

SWALI: Ninatafsiri maelezo kuhusu droni zinazobeba vipimaupepo. Nimeandika: "Upepo wa droni huvuruga upepo unaopimwa, kwa hiyo wataalamu hufanya uigizaji wa upepo kwa kompyuta." Mhariri ameyazungushia wino mwekundu maneno "upepo wa droni" na "uigizaji". Je, nimekosea?

JIBU: Katika la kwanza hujakosea, ila umemchanganya msomaji. Kiswahili hakibagui upepo unaojivumia na ule unaotengenezwa: tunawasha feni ili tupate upepo, na anayechochea jiko la mkaa kwa kipepeo cha ukindu anapepea, kitenzi chenye mzizi uleule. Kwa hiyo rafadha za droni, yaani mapanga yake yanayozunguka, zinatoa upepo kwelikweli. Tatizo ni kwamba sentensi yako inataja vitu viwili ambavyo mafundi wenyewe wanahangaika kuvitenganisha, yaani upepo uliopo angani, ambao ndio unaotafutwa, na hewa ambayo rafadha huivuta kutoka juu na kuisukuma chini, ikapita kwenye kipima na kukidanganya. Ndiyo maana mara nyingi kipima hicho hufungwa kwenye mlingoti juu ya rafadha. Sentensi yako nayo inahitaji mlingoti wake.

Tazama vitenzi. Upepo huvuma, lakini hewa haivumi: huvutwa, husukumwa, hupita. Mabaharia wa pwani waliita Kaskazi, Kusi na Matlai, na yote hayo ni majina ya upepo, si ya hewa. Basi liache neno "upepo" kwa kile kinachopimwa, na kinachotoka kwenye rafadha ukiite "mkondo wa hewa", kwa kuwa mkondo huelekea upande mmoja kwa nguvu. Mwendo wa hewa kwa jumla kuizunguka droni nzima ni "mtiririko". Wapo wanaonung'unika kwamba kutiririka ni kwa maji tu. Mimi sioni ubaya, hasa kwa kuwa milinganyo inayotumika kukokotoa mwendo wa maji ndiyo hiyohiyo inayotumika kwa hewa.

Kuhusu "uigizaji", mhariri yuko sahihi. Kuigiza ni kazi ya jukwaani, mbele ya watazamaji, ilhali kompyuta hugawa nafasi iliyoizunguka droni katika vijisehemu vidogo vidogo na kukokotoa kasi ya hewa katika kila kimoja. Huo ni uigaji. Jihadhari tu na kihusishi, kwani "uigaji wa kompyuta" unaweza kusomeka kana kwamba kompyuta ndiyo inayoigwa. Andika "uigaji kwa kompyuta".

Ningekuwa mimi, ningeandika hivi: "Mkondo wa hewa wa rafadha huvuruga upepo unaopimwa, kwa hiyo wataalamu huuiga kwa kompyuta mtiririko wa hewa unaoizunguka droni, kabla ya kuamua kipimaupepo kifungwe wapi."