Muulize Fundi: Treni ya magogo ijiendeshe yenyewe

SWALI: Fundi shikamoo. Mdogo wangu yuko Marekani kanitumia kichwa cha treni ya mfano, Shay ndogo (ile ya mvuke ya kusomba magogo) ya saizi ya HO, yaani mara 87 ndogo kuliko ya kweli, na mabehewa manne ya magogo. Nina plaiwudi ya sentimita 120 kwa 60 tu, mama watoto kasema sebule ni ya wageni. Nataka treni ipande mlima yenyewe mi nakunywa chai naangalia. Nimejaribu kuzungusha duara, kila kona inatoka relini. – Baba Wawili, Muheza

JIBU: Marahaba baba. Duara achana nalo, HO inataka kona ya rediasi sentimita 46 hivi, kwenye ubao wako hata ya 30 haiingii. Halafu treni ya magogo kwani ilikuwa inazunguka? Ilipanda msituni tupu ikashuka na mzigo, basi. Na we uko Muheza unaniuliza mimi! Enzi za Mjerumani kulikuwa na kireli chembamba cha sentimita 75 kutoka hapo Tengeni mpaka Sigi, cha kusomba magogo ya Usambara, na mlimani kilipanda kwa zigizaga: treni inaingia kichochoro, yaani kireli kisichotokea popote, inasimama, pointi (pale njia mbili za reli zinapoachana) inageuzwa, inaendelea kupanda kinyumenyume. Kule Cass, West Virginia, mpaka leo Shay zinapanda hivyo hivyo na watalii.

Hiyo Shay ndo imezaliwa kwa kazi hii, mzee Ephraim Shay wa Michigan alikuwa mtu wa mbao, patenti kaipata 1881. Iangalie upande wa kulia, pistoni zimesimama wima zinazungusha shafti, na gia zinapeleka nguvu kwenye kila tairi. Mwendo wake hata kilomita 20 kwa saa ilikuwa shida, kwa HO hiyo ni kama sentimita 6 kwa sekunde, kwa hiyo usiikimbize.

Sasa vipimo, hapa ndo watu wanaharibu. Kichwa sentimita 15, mabehewa mawili 24, jumla 39. Kichochoro kipe 45, pointi inakula 20, zinabaki 55 za njia ya juu, na ya chini hivyo hivyo. Mabehewa manne hayaingii, mawili yabaki pambo. Kila mita panda sentimita 4 au 5, mlima uchonge kwa ile foamu nyeupe inayokuja na TV.

Kujiendesha: Arduino Nano (kibodi kidogo cha kompyuta unachokipa maagizo), draiva ya mota L298N, yaani kibodi cha kupeleka umeme kwenye mota (inakula kama volti 2, haina neno, hatukimbii), servo ndogo moja, yaani kimota cha kugeuza pointi, na sensa tatu, sio ile ya watu na makazi, ni viswichi vya sumaku vinavyokaa katikati ya reli, sumaku unaibandika chini ya kichwa. Maagizo ya Arduino ni hadithi fupi tu: toka stesheni mpaka sensa ya kichochoro, simama, subiri sekunde 5, geuza pointi, rudi nyuma mpaka sensa ya juu, subiri nusu dakika kama vile wanapakia, kisha njia ile ile kurudi. Ongeza sheria moja, treni ikiwa inatembea na sekunde 20 zikapita sensa haijaguswa, kata umeme.

Na sensa ya juu usiiweke mwisho wa reli!! Mimi niliweka huko, nikasahau kwamba kwenye kurudi nyuma mabehewa ndo yanatangulia na sumaku iko kwa kichwa huku nyuma, behewa mbili zikadondoka sakafuni na magogo yake, mjukuu akapiga makofi. Iweke sentimita 40 kabla ya mwisho, ya stesheni vilevile. Ya kichochoro ndo inaweza kusogea karibu na mwisho maana huko kichwa kinatangulia.

Umeme ukikatika Arduino ikiamka haijui treni iko wapi, kwa hiyo weka kitufe: irudishe stesheni kwa mkono ndo ubonyeze. Magogo chukua vijiti vikavu vya mwarobaini vyenye magome, unene milimita 11 ni kama mti wa unene wa karibu mita moja.

SWALI: Fundi, yangu inatembea poa lakini ikienda pole pole inazima juu ya pointi, lazima niisukume na kidole. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Katikati ya pointi, pale reli zinapokatana, angalia kama kuna kipande cha plastiki. Hapo hakuna umeme, na kichwa kifupi kikipita taratibu kinakufa. Tafuta pointi ambayo kipande hicho ni cha chuma, kipe waya kupitia kiswichi kinachogeuka pamoja na pointi. Ila kabla hujatoa hela futa reli na matairi kwa spiriti, huko pwani uchafu unarudi haraka.