Mawe ya maji kukaa ndooni muda wote
Je, mawe ya maji, yaani mawe ya kunolea yanayotumiwa na maji, yakae ndooni muda wote? Hapana, siyo yote. Jiwe la kawaida la namba 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), lililochomwa kama kigae, loweka dakika 10 hivi. Mapovu yakiisha limeshiba. Yale yaliyoshikanishwa kwa magnesia, unga wa madini unaogandisha kama saruji, yanyunyizie maji tu. Yakilala ndani ya maji hulainika, na yakikauka hupasuka. Langu la magnesia la namba 3000 nililisahau ndooni usiku mmoja, kesho yake likatoka na ufa mwembamba kama unywele, toka pembeni hadi katikati.

Kwenye meza ya kunolea kinachohitajika zaidi ni kioo kinene na msasa wa maji namba 220 wa kusawazishia jiwe. Jiwe likishabonyea katikati, makali ya patasi hayanyooki hata unoe kutwa.