Maswali yenu kuhusu mafuta ya kunukia: mtoto, chunusi, usingizi, paka na mbu

Maswali ya haya mafuta ya kunukia ya kwenye vichupa vidogo, lavenda, mkaratusi, mnanaa, titrii (yale yanayoandikwa tea tree) na mengine, yamekuwa mengi mpaka nimeona niyajibu kwa pamoja. Kabla sijaanza niseme tu kwamba haya mafuta ni makali. Majani au maua mengi sana yanapitishiwa mvuke, ule mvuke unapoozwa, na mwisho unapata kachupa ka mililita 10, kwahiyo unaposhika hako kachupa ujue umeshika dawa na dawa inapimwa. Mimi mwenyewe nayapenda na nayatumia, ndo maana naumia nikiona watu wanashauriana kuyanywa au kuwapaka watoto wachanga.

Mwanangu ana miezi minane, mafua yamembana, pua imeziba kabisa. Nimeambiwa nimpake mafuta ya mkaratusi kifuani na kidogo chini ya pua. Ni sawa?

Hapana mama, tafadhali usimpake. Mkaratusi una sineoli na mnanaa una mentholi, ukiviweka karibu na pua ya mtoto mdogo koo linaweza kubana ghafla akashindwa kuvuta pumzi, hii sio hadithi ya kutishia watu, madaktari wanaijua vizuri. Kafuri nayo hivyo hivyo, na ikimezwa inaleta degedege. Kwa umri huo weka matone ya maji ya chumvi yale ya puani ya duka la dawa, subiri kidogo kamasi zilainike alafu zivute kwa kale kapampu ka mpira, na umnyonyeshe mara nyingi kidogo kidogo manake pua ikiziba hawezi kunyonya kwa muda mrefu. Mvue nguo umuangalie kifua akiwa anapumua, ukiona mbavu zinaingia ndani, au anapumua haraka haraka, au amegoma kunyonya, hapo ni hospitali moja kwa moja, usingoje asubuhi.

Naweza kuweka matone mawili ya mafuta ya limau kwenye maji ya kunywa ili kusafisha mwili?

Usinywe. Kazi ya kusafisha mwili inafanywa na ini na figo, na hayo mafuta ndo kwanza unaziongezea kazi. Alafu mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, kwahiyo ukipiga funda unayapata yakiwa mazima mdomoni na kooni, yanaunguza.

Najua mtu atasema mbona kuna vidonge vya mafuta ya mnanaa vya tumbo. Ni kweli vipo, vinasaidia watu wenye tumbo la kujaa gesi na kunyonga la muda mrefu, ila vile vimepimwa dozi na vina ganda maalumu linalofunguka kwenye utumbo, sio sawa na kudondosha kutoka kwenye chupa. Na sio mafuta yote yanafanana, kuna haya ya wintagrini ya kuchua misuli, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina nguvu ya karibu gramu 7 za aspirini, hivyo ni zaidi ya vidonge 20 vya miligramu 300 kwa mkupuo. Mtoto mdogo anaweza kufa kwa chini ya hapo.

Nimemkuta mtoto wa miaka miwili na chupa ya mafuta mdomoni. Hakudhurika lakini niliogopa sana. Ikitokea tena nifanye nini?

Pole sana mama, na kushtuka ni haki yako. Ikitokea tena, kitu cha kwanza usimtapishe. Haya mafuta ni mepesi sana, akitapika yanaweza kuteleza kuingia kwenye mapafu na hapo ndo shida kubwa inapoanzia. Mpanguse mdomo, chukua chupa yenyewe na uende nayo hospitali ili waone ni mafuta gani na kilichobaki ni kiasi gani, na usikae nyumbani kusubiri dalili, kwa sababu kusinzia au degedege vinaweza kuanza ndani ya nusu saa hivi. Kikohozi na kupumua kwa shida pia ni dalili ya hatari.

Leo hii nenda ukaangalie vichupa vyako mdomoni. Kuna kile kiplastiki kidogo kinachotoa tone moja moja, kama kimeng'oka au kimelegea hiyo chupa ikiinama inamwaga yote. Na zote ziwekwe juu, kabatini, pamefungwa.

Napaka titrii moja kwa moja kwenye chunusi, sasa ngozi imekuwa nyekundu na inawasha. Niendelee?

Acha kabisa mpaka ngozi itulie, hata yakichanganywa usipake kwanza. Ngozi ikishapata aleji na haya mafuta mara nyingi haiachi, kila ukiyagusa itawaka, kwahiyo kulazimisha ukidhani itazoea ndo kujiharibia.

Titrii yenyewe inafanya kazi, hilo silikatai. Australia mwaka 1990 walilinganisha jeli yenye titrii asilimia 5 na benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, asilimia 5, zote zilipunguza chunusi, titrii ilichelewa kidogo lakini ngozi haikusumbuka sana. Ila ona, ni asilimia 5 na wewe unapaka 100. Ukitaka hiyo jeli nunua iliyotengenezwa tayari. Ukichanganya mwenyewe, mililita 1 ni kama matone 20, kwahiyo kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au alizeti matone 12 yanakupa kama asilimia 2, hiyo ni ya mwili, na ya uso weka 6. Alafu jaribu kwanza ndani ya kiwiko, paka kidogo, acha siku nzima uone. Na kama chupa imekaa wazi muda mrefu na harufu imebadilika, tupa, mafuta yaliyochakaa kwa hewa na mwanga ndo yanawasha zaidi.

Lavenda inaleta usingizi kweli?

Inatuliza baadhi ya watu, nguvu yake ni ya wastani tu. Washa difyuza, kale kamashine ka kurusha harufu hewani, nusu saa kabla ya kulala, matone machache, mlango wazi kidogo, alafu zima. Usilale nayo inawaka usiku kucha, na kama ndani kuna mtu wa pumu na ameanza kukohoa, zima na ufungue madirisha. Ukikosa usingizi kwa wiki na wiki muone daktari jamani, hapo lavenda haitoshi.

Nina paka, naweza kutumia difyuza?

Mimi ningesema usitumie chumba anacholala. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja vitu vya aina hii, kwahiyo vinakaa mwilini. Matone yanayorushwa hewani yanatua kwenye manyoya na paka anajilamba siku nzima, si unaona yanakoishia. Titrii usimpake kamwe, hata kwa viroboto. Ukiona anatoa udenda, anayumba au anatetemeka, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Nilipaka mafuta ya ndimu mkononi nikatoka juani, nimepata doa jeusi kama nimeungua. Imekuwaje?

Umeungua kweli. Mafuta ya ndimu, limau na bagamoti yaliyokamuliwa kwenye ganda yana vitu vinavyoamshwa na jua na kuchoma ngozi. Doa litafifia taratibu, likinge na jua. Siku nyingine ukiyapaka usitoke juani mpaka kesho yake.

Mafuta ya mchaichai yanafukuza mbu?

Yanafukuza kwa muda mfupi, yanaruka hewani haraka, saa moja mara nyingi ni nyingi, baada ya hapo uko wazi. Kuna dawa ya kupaka inayotokana na mkaratusi wa limau, kiungo chake kinaitwa PMD, hiyo inadumu kwa saa kadhaa na imepimwa, ila sio kwa watoto chini ya miaka 3, na usiichanganye na yale mafuta ya kunukia ya mkaratusi wa limau ya kwenye kichupa, hayo yana PMD kidogo sana. Soma kibandiko uone kama PMD imeandikwa. Na kama mnaishi penye malaria, usiku lala kwenye chandarua chenye dawa hata kama umejipaka.