Usiulize barabara inafunguliwa lini, uliza itakaa juu kiasi gani

Juzi saa tatu usiku mdogo wangu kanipigia simu. Anakaa Tegeta, Dar es Salaam, na kule si mnajua wanajenga njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya nne, Barabara ya Bagamoyo yote vumbi na mabati. Anasema dada nimepata fremu nzuri ya duka inatazama barabarani, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima, dalali anasema kipande hiki kinafunguliwa muda si mrefu, nilipie nisilipie? Nikamwambia usitoe hata mia, kalale, kesho nakuandikia. Nilipoanza kumwandikia meseji ikawa ndefu mpaka mkono ukauma, nikaona bora niiweke hapa maana najua walio kama yeye wapo wengi.

Mimi nilisubiri barabara ya Kimara–Kibaha. Kilomita 19.2, kutoka njia mbili za enzi hizo kwenda njia nane, na hizo njia mbili ndo zilikuwa zinabeba kila kitu, mabasi ya mikoani, malori ya Zambia na Kongo, ya Rwanda na Burundi, daladala, sisi wa Kibamba na ndoo zetu za samaki. Aliyekaa upande huu miaka ile anajua ile foleni ya Mbezi jioni, unashuka unatembea kwa miguu unaliacha daladala nyuma, unafika nyumbani unapika, unakula, ndo unalisikia linapita.

Sasa kabla ya ujenzi kulikuwa na bomoabomoa, 2017. Kwingine hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, ila huku kwetu walihesabu mita 121.5 kila upande. Tembea mita mia na ishirini na moja uone, ni zaidi ya uwanja wa mpira. Watu walivunjiwa nyumba walizojenga kwa kiinua mgongo. Mimi nilikuwa mpangaji tu, nilipoteza kibanda cha mbao na uzio wa makuti, sina cha kulalamika mbele ya wenye nyumba, lakini pale nilijifunza somo moja nikadhani ndo limeisha: pima kwanza. Kwa hiyo 2019 nilipotaka kufungua duka la vyakula Kibamba sikukurupuka, nilienda na kaka yangu na futi kamba, tukapima toka katikati ya barabara mpaka mlangoni kwenye fremu, tukapata mita 130 na kitu. X, ile alama ya kubomolewa, hainifikii. Nikajiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Fremu ilikuwa kwenye barabara ya mtaa, ile ya vumbi inayoshuka kutoka barabara kuu. Mtu akishuka kituoni anakuja moja kwa moja, mkono wa kulia anakutana na mimi kabla ya mtu yeyote. Dalali akasema dada, barabara ikifunguliwa hapa hupati hata kwa laki tatu, lipia sasa hivi kwa laki moja na nusu kwa mwezi. Mama mwenye nyumba akasema anataka ya mwaka. Nikachukua mkopo wa kikundi, milioni mbili, moja na laki nane ikaenda kwenye kodi na iliyobaki rangi na shelfu. Mzigo nikakopa Kariakoo kwa mtu tunayeaminiana. Nilichouliza ni kitu kimoja tu, inafunguliwa lini? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Dalali miezi minne. Konda wa daladala alisema Desemba. Mzee wa kahawa alisema yeye ameambiwa na mtu wa ndani kabisa kwamba Pasaka.

Swali lenyewe ndo lilikuwa baya, na ndo nataka mdogo wangu alielewe hili kabla ya mengine yote. Tarehe hata mkandarasi mwenyewe haijui vizuri, mvua ikinyesha wiki mbili tarehe inasogea, nguzo ya umeme haijahamishwa inasogea, bomba la maji limepasuka ndo kabisa. Ila kuna vitu vinajulikana toka siku ya kwanza, viko kwenye michoro, na vimeandikwa pale pale chini mbele ya macho yako kwenye vijiti.

Vile vijiti nilivipita miezi. Vigingi vya mbao, kichwani vimepakwa rangi nyekundu, ubavuni vimeandikwa namba kwa maka peni. Watoto walikuwa wanaviruka wakienda shule, mimi nikaona ni mambo ya wapimaji tu. Wale vijana wapimaji walikuwa wanakuja kwangu kunywa soda saa nne, wanaweka kile kidude chao cha miguu mitatu kivulini wanakaa kwenye kreti. Siku moja, nimeshalipa kodi zamani, nikamuuliza mmoja kwa utani tu, kaka hizi namba zenu mnabeti? Akacheka, akasema mama hizo ni za kujaza. Kujaza nini? Kifusi. Hapa barabara inapanda. Inapanda kiasi gani? Akasimama, akaweka kiganja kifuani kwake, akasema mpaka hapa.

Nilimwangalia yule kijana, nikaangalia barabara, nikaangalia duka langu. Sikuwahi kuwaza kwamba barabara inaweza kupanda. Nilipima urefu wa kwenda mbele, sikupima wa kwenda juu.

Na ikapanda kweli. Zilikuja tipa na kifusi siku baada ya siku, greda linasambaza, shindilia linapita mpaka vyombo vinagonganagongana kwenye kabati, boza linamwaga maji, wanaongeza tena. Ikawa kama ukuta. Mdomo wa mtaa wetu ukafungwa, wakautoa kule mbele zaidi ambako ndo palikuwa na mteremko wa kawaida, na mteja wangu wa kushuka kituoni akawa anashukia huko, anapita kwenye maduka ya watu wengine wanne kabla hajanifikia mimi. Kituo nacho kilihama. Yaani kila kitu nilicholipia kodi kilihama, fremu tu ndo ilibaki.

Halafu maji. Barabara ikipanda maji yanataka pa kupita, wanaweka kalavati chini, na kalavati lina mdomo, na huo mdomo unatazama kwa mtu. Ulinitazama mimi. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku, asubuhi nimefungua nakuta maji yapo kwenye vifundo vya miguu, mifuko kumi na moja ya sembe imelowa kwa chini imekuwa ugali mbichi. Niliigawa kwa wafuga kuku. Sukari ilipona kwa sababu ilikuwa juu ya meza. Tokea siku hiyo kwangu hakuna mfuko unalala sakafuni, weka mapaleti, yale ya mbao unayapata kwa bei ndogo kwenye magodauni, na kama huna weka matofali mawili mawili na ubao juu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuchukua fremu au kiwanja pembeni ya barabara inayojengwa, X ni mwanzo tu (nyekundu hulipwi, kijani unalipwa, hilo najua mnalijua). Nenda kwa wapimaji, usiende kwa dalali. Nenda asubuhi kabla jua halijawachosha, nunua maji ya baridi mpelekee, usimwite "wewe kijana", mwambie tu kaka naomba unisaidie, hapa mbele ya duka tunajaza au tunachimba? Wakichimba utabaki juu kama unauza kwenye paa, wakijaza utabaki shimoni, vyote viwili vina gharama ya ngazi na wateja wazee hawapandi ngazi kufuata nusu kilo ya mchele. Muulize na maji yanatokea wapi, mdomo wa mtaa unabaki au unahama, kituo kitakuwa wapi na magari yanageuzia wapi. Hilo la kugeuzia watu wanalisahau. Barabara ikiwa pana hivi gari haligeuki popote linapotaka, na mteja mwenye gari aliye upande wa pili hatakuja kwako hata kama anakuona.

Kodi lipa miezi mitatu mitatu. Najua wenye nyumba hawataki. Mwambie mama, barabara ikifunguliwa nakuongezea elfu hamsini kwa mwezi, ila sasa hivi nalipa kidogo kidogo, na muandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Mama mwenye nyumba wangu nilipomrudia kumwomba anipunguzie alinijibu kwa upole tu, mwanangu mimi barabara sikuijenga. Na ni kweli hakuijenga.

Vumbi nalisema haraka maana kila mtu atalijua mwenyewe. Usisubiri boza, likija saa nne asubuhi wewe umeshakula vumbi toka saa kumi na mbili, maji uliyofulia yatunze mwaga mbele ya duka mapema. Vitu vya kupima kwa kilo viwe kwenye ndoo zenye mifuniko. Na ile lami ya maji wanayonyunyizia kwanza kabla ya lami yenyewe, usiikanyage, ilininata ndala ikabaki pale pale mimi nikaendelea na mguu mtupu. Ikigusa nguo ya shule paka mafuta ya kula kwanza, sugua, ndo uweke sabuni ya unga. Ukianza na sabuni umeharibu.

Alafu msidanganywe na weusi. Lami ya kwanza ikilala mtaa mzima tulishangilia, wengine wakaongeza bei ya nyumba siku hiyo hiyo, kumbe ile ni ya chini, ina kokoto nene nene, na juu yake inakuja nyingine laini. Mimi sasa hivi nikitaka kujua kipande kinakaribia kufunguliwa naangalia wanaochora mistari myeupe na wanaofunga vyuma vya pembeni. Hao wakifika, hesabu siku. Kabla ya hao hesabu miezi.

Na kufunguliwa kwenyewe siyo kama mnavyofikiria, kwamba kuna utepe na ngoma. Viongozi watakuja siku yao, lakini kwa sisi wa pembeni barabara inafunguliwa kipande kipande bila taarifa. Unalala magari yanapita kushoto, unaamka yanapita kulia. Kwetu walifungua upande mmoja usiku, asubuhi hakuna alama, taa bado, tuta la kupunguza mwendo hakuna, na madereva waliokaa kwenye foleni miaka miwili ghafla wameona lami tupu mbele yao, wewe unafikiri watafanya nini? Wiki hizo za mwanzo ndo za kuogopa. Kijana aliyekuwa ananisaidia dukani aliangalia kulia kama inavyotakiwa, hamna gari, akavuka, bodaboda ikaja kutoka kushoto inarudi kinyume kwa sababu mwenyewe hakutaka kwenda mbali kugeuza. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Alikaa nyumbani miezi mitano na mimi dukani nikabaki peke yangu. Angalia pande zote mbili hata kama barabara ni ya kwenda tu, na watoto kama una uwezo wa kuwavusha mwenyewe wiki mbili tatu za mwanzo, wavushe, usiwaambie "angalieni magari" ukarudi jikoni.

Faida zilikuja, sitaki kusema uongo. Kutoka Kibamba kwenda kuchukua mzigo Kariakoo nilikuwa naondoka saa kumi alfajiri, siku hizi saa kumi na mbili inatosha, nashuka Kimara napanda mwendokasi. Mwaka 2021 Februari stendi ya mikoani ikafunguliwa Mbezi, biashara ya upande ule ikachangamka, hata mimi nikapata wateja wa kununua vya safari. Ila sikuwa tena kwenye ile fremu. Nilihama mwezi wa kumi na moja wa kodi yangu, nikaenda kule mdomo mpya wa mtaa ulipo, nikapata fremu ndogo ya pembeni kwa dada mmoja aliyekuwa anafunga saluni, na mkopo nilimaliza kuulipa nikiwa huko. Ile ya zamani sasa hivi ni stoo ya mtu anayeuza mabati, bati halijali maji.

Mdogo wangu haya yote nilimtumia. Jana jioni karudisha picha, hakuandika neno. Ni mbele ya ile fremu ya Tegeta, kuna kigingi kimepigwa karibu kabisa na ngazi, rangi nyekundu imefifia, na namba iliyoandikwa ubavuni haionekani vizuri kwa sababu kapiga picha jua limeshazama. Nimemwambia leo aende tena asubuhi, apige kwa karibu, na abebe maji ya baridi.