Ushuru wa korosho: halmashauri imepata ngapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi wakulima wa Newala tunataka kujua halmashauri inapata kiasi gani kwenye ushuru wa korosho. Tuanzie wapi? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Anzeni na tani na bei za minada. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, awali ulikuwa 5. Tani moja kwa shilingi 3,000 kwa kilo ni milioni 3, ushuru wake 90,000. Sheria inataja bei ya shambani, basi bei ya mnada itawapa kadirio la juu kidogo.

Wengi hukosea hapa: mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, huuza korosho za Newala na Tandahimba, na Newala yenyewe ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Mkichukua jumla ya mnada mtaituhumu halmashauri bure. Ombeni tani za kila AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), kisha jumlisheni zilizo katika kata zenu tu.

Halafu linganisheni na makusanyo halisi, si makisio ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo minada ya Oktoba hadi Desemba yote huangukia mwaka mmoja. Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa nayo isomwe.

Mkinyimwa takwimu, andikeni barua kwa mkurugenzi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.