Filamu ndefu ya vichekesho Kampala: nyuma ya kamera pesa ziende kwa nani

Kaka wa Mbale, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema una milioni 18 za Uganda, skripti ya dakika 90, na mchekeshaji anayejulikana ambaye tayari umempa milioni 8 kama malipo ya awali. Sasa unauliza kama nyuma ya kamera unaweza kumaliza na watu "watano au sita hivi". Wenzangu waliokujibu kabla yangu wamekueleza habari za kamera na lenzi. Lenzi sizijui. Mimi ni mtu wa kontinyuti, yule dada anayekaa pembeni na daftari akiandika nani alishika kikombe kwa mkono upi. Nimefanya filamu ndefu nne hapa Kampala, tatu za vichekesho, na nitakujibu kwa yale yaliyotuumiza.

Kwa kifupi: mchekeshaji umemlipa vizuri mno, na mtu wa sauti hukumtaja hata mara moja.

Kwanza mwenyewe nilivyoingia, maana inahusu waigizaji. Nimezaliwa Malaba, upande wa Uganda. Mama ni Mteso, baba alikuwa dereva wa lori kutoka Tanga, akaja na mzigo akakaa. Nyumbani tulisema Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi ya kwanza. Mwongozaji mmoja alikuwa anatafuta mtu wa kumnyoosha ulimi mwigizaji wake aliyepewa nafasi ya afande. Kama unafuata michezo ya jukwaani ya Kampala unajua: mtu akitaka kuchekesha kwa Kiswahili, atakuwa mwanajeshi au askari wa getini. "Wewe! Toka! Leta kitambulisho!" Ukumbi unaanguka. Katiba iliipitisha lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likasema ifundishwe lazima shuleni, lakini kwenye vichekesho bado imevaa buti.

Siku ya mazoezi, huyo mwigizaji wetu (kijana wa kusimama na maiki, hodari kweli) akaongeza lake: "Panda gari!" Vijana wote walicheka hadi wakaegemea ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa anaigiza baba mkwe hakucheka. Wasiokumbuka niwaambie: mwanzoni mwa miaka ya 1980 "panda gari" lilikuwa jina la misako. Askari wanafunga mtaa, watu wanapakiwa kwenye malori, na wapo ambao hawakurudi. Chumba kikapoa. Mwongozaji alitaka kulifuta neno. Mzee akasema, ngoja, liache, nipe mimi zamu ya kujibu. Wakarudia. Kijana akanguruma, "Panda gari!" Mzee akamtazama, akapapasa mfuko wa koti polepole, akauliza: "Nauli ni ngapi?"

Tulipoionyesha ile filamu, wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea ndio waliocheka kwanza, na walicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Huyo mzee alilipwa chini ya robo ya alicholipwa kijana. Kwa hiyo kabla hujapeleka nusu ya pili kwa staa wako, tafuta wawili watatu waliokulia jukwaani. Mchekeshaji wa maiki amezoea kuchekesha peke yake na hadhira iko mbele yake. Wa jukwaani amezoea kumtegea mwenzake, na filamu ndefu inaishi kwa kutegeana. Staa anauza tiketi, sikatai. Lakini dakika 90 hazibebwi na mtu mmoja anayengojea makofi.

Jambo la mavazi nitalipita haraka, ila usilipuuze: sare za jeshi au zinazofanana nazo usiguse bila kibali cha maandishi. Mwaka 2019 hata bereti nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Sisi kibali kilichelewa, afande wetu akashushwa cheo akawa mlinzi wa kampuni binafsi, zile za bunduki kuukuu getini. Ikawa afadhali. Afande akikufokea unaogopa. Mlinzi wa duka la simu akikufokea kama afande, hapo ndipo penye kichekesho. Mshonaji alitengeneza sare ya rangi ya samli ambayo hakuna kampuni yoyote mjini ingeikubali.

Sasa kazi yangu. Kulikuwa na sini moja (tukio moja la filamu), mlinzi anamhoji mwizi wa kuku huku anakula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Kwenye skripti ilikuwa mistari minne: anauma, anauliza, anauma, anauliza. Tulikodi kijana wa chapati na kigae chake cha kukaangia, akaweka kambi nyuma ya kamera. Kila tunapoirudia sini mbele ya kamera tunaita teki. Teki ya kwanza staa aliuma baada ya neno "kuku". Teki ya pili aliuma kabla. Ya tatu hakuuma kabisa, aliikunja ile rolex akaitumia kama simu ya upepo. Kila mtu akacheka, mwongozaji akasema iendelee hivyo. Mimi nimekaa pale na daftari langu, nimechora duara na alama za meno, na kila teki inataka rolex mpya yenye urefu uleule, imefungwa kwa karatasi ileile, imeumwa upande uleule. Maana kesho mhariri atataka sura ya mwizi kutoka teki ya pili na mkono wa mlinzi kutoka teki ya saba, na rolex ikirefuka katikati ya swali, mtazamaji atacheka, ila si pale ulipotaka.

Tulimaliza rolex 19. Staa aliomba ndoo ya kutemea kuanzia ya sita. Kwenye ya kumi na moja nikaamini kila kitu kiko sawa, na yule kijana wa chapati akaniinamia sikioni: "Dada, ile ya kwanza haikuwa na kabichi." Nikatazama picha zangu. Kweli, haikuwa nayo. Mayai mawili, nyanya, vitunguu, basi. Tangu siku hiyo kila ninapopewa sini ya chakula naomba mpishi mwenyewe akae karibu nami, na alipwe kama mtu wa seti.

Nasema haya kwa sababu watayarishaji wengi hukata nafasi ya kontinyuti kwanza, "mwongozaji ataangalia mwenyewe". Kwenye filamu ya mapenzi labda utanusurika. Kwenye vichekesho waigizaji wanabuni, na ukiwakataza kubuni umeua ulichowalipia. Anayebuni lazima awe na mtu wa kumfuata nyuma akiandika.

Halafu sauti. Kaka, Kampala inapiga kelele kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Boda, jenereta la jirani, kanisa la turubai lenye spika nne, mvua kwenye mabati. Katika lugha zetu neno linalochekesha hupenda kukaa mwisho wa sentensi, na mwisho wa sentensi ndipo sauti ya mwigizaji inaposhuka. Boda akipita hapo, umepoteza mstari mzima. Watu watakwambia mtarekodi upya studio. Tulifanya hivyo filamu ya pili. Mwigizaji alisimama kwenye kachumba kenye magodoro ukutani, miezi miwili baadaye, peke yake na vipokea sauti masikioni, akarudia mstari wake wa kuchekesha mara thelathini, na hakuna hata moja iliyofanana na ya siku ile, kwa sababu siku ile kulikuwa na mtu mbele yake.

Tafuta mtu wa sauti mwenye roho ngumu. Wetu wa filamu ya tatu alikuwa anashika ule mti wa maiki juu ya vichwa vya watu huku ameuma kola ya shati ili asicheke. Kila tukimaliza sini alitulazimisha tunyamaze dakika nzima arekodi ukimya wa chumba. Wapishi walimchukia. Mhariri alimbusu mkono, nusu kwa utani.

Na hapo kuna mtego ambao hakuna aliyenionya. Watu wa seti ndio hadhira yako ya kwanza na ni hadhira mbovu. Teki ya kwanza wanacheka. Ya nne wanatabasamu. Ya tisa wamechoka, wana njaa, katogo ya asubuhi (ndizi zilizopikwa pamoja na nyama za ndani) imeshakwisha tumboni, hakuna anayecheka, na mwongozaji anaanza kuamini utani umekufa. Anaubadilisha. Nimeona mistari mizuri mitatu ikifa hivyo. Siku hizi kwenye daftari nina safu ya ziada: teki ya kwanza walicheka kwenye neno gani. Mwongozaji akianza kutapatapa namwonyesha tu, sisemi kitu.

Msaidizi wa mwongozaji, yule wa kupanga ratiba na kupiga kelele, usimchukue binamu yako. Ndiye atakayejua kwamba Ijumaa mchana msikiti uko mita hamsini kutoka kwenye seti na kwamba mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la mtaa, anataka kuonwa kabla kamera haijashuka garini. Sisi tulisahau kumwona mwenyekiti mara moja. Siku nzima ilikwenda.

Mhariri: chukua ambaye hakufika kwenye seti hata siku moja. Aliyekuwepo anakumbuka jinsi tulivyocheka na ile rolex ya simu ya upepo, ataiweka. Asiyekuwepo anaona mtu mzima anachezea chakula. (Ilitolewa. Staa alinuna wiki.) Filamu zetu tunapiga picha 25 kwa sekunde, na nilikaa nyuma ya mhariri mmoja usiku akibishana na nafsi yake kuhusu picha sita, yaani karibu robo ya sekunde, kati ya "Panda gari" na mkono wa mzee kuingia mfukoni. Akiondoa sita, mzee anaonekana mwenye dharau. Akiziacha, anaonekana mtu anayetafuta nauli kwa dhati. Alizilipia zile picha sita kwa usiku mzima, akaziacha. Bajeti yako imempa mhariri siku ngapi? Sisi tulimpa siku kumi. Alichukua arobaini, na deni lake limebaki hadi leo kwa mtayarishaji ambaye sitamtaja, pamoja na langu. Andikeni mikataba, na malipo yasingoje onyesho la kwanza.

Kuna mmoja zaidi ambaye hutamwajiri lakini atafanya kazi kwenye filamu yako: VJ. Ukishaonyesha kwenye sinema ya Acacia Mall na watu wa suti wakapiga makofi, filamu itashuka kwenye vibanda vya video vya mitaani, na kule kuna kijana mwenye maiki anayetafsiri na kuongeza utani wake juu ya wako. Wengine wanalalamika. Wale wa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala, Isaac Nabwana na watu wake wa filamu za mapigano za bei ndogo, walimweka VJ Emmie ndani ya filamu zenyewe, na watazamaji wa ng'ambo wakampenda kuliko bunduki za mabomba. Mimi ninachokuomba ni kimoja: acha nafasi. Skripti yako ikiwa maneno mwanzo hadi mwisho, VJ atasema juu ya waigizaji na hakuna atakayesikika. Palipo na mzee anayepapasa mfuko kimya, VJ naye hunyamaza. Nimemwona mmoja Kawempe akifanya hivyo, alishusha maiki kabisa, halafu akarudia yeye "nauli ni ngapi" kwa Luganda, na kibanda kikacheka mara ya pili.

Basi hesabu. Kwa milioni 10 ulizobaki nazo, ukipiga siku 14: mwongozaji ni wewe, hujilipi. Mpiga picha na msaidizi mmoja. Mtu wa sauti na mshika maiki, wawili, wasiwe mmoja. Msaidizi wa mwongozaji. Kontinyuti. Mavazi na vifaa vya seti mtu mmoja, kama skripti haina harusi. Taa mmoja anayejua na umeme wa wizi wa mtaani. Mpishi, na msichana wa kumsaidia, kwa sababu posho na maharage yakichelewa saa moja utaona sura za watu. Dereva. Hao ni kumi na mmoja bila wewe wala mhariri, na mhariri mtengee fedha pembeni mahali ambapo huwezi kuzifikia. Haitoshi, najua. Punguza siku au punguza wahusika, au mrudie staa wako mkubaliane nusu ya pili iwe asilimia ya mauzo.

Nitumie kurasa kumi za kwanza za skripti, hizo tu, zitatosha. Kama kuna mtu anakula ndani yake nitakupigia hesabu ya chakula kabla hujaajiri yeyote.