Kwa mnaoanza kazi ya ngano na baridi: kabla ya kuuliza inavumilia nyuzi ngapi

Wadogo zangu mnaokuja huku Saskatchewan, Kanada, kusoma mazao na baridi, karibuni, makoti mtanunua wenyewe, mi niwaambie habari ya ngano. Kuna swali karibu kila mgeni analiuliza wiki ya kwanza, eti hii ngano inavumilia nyuzi ngapi? Swali liko nusu. Norstar, mbegu ya Alberta ambayo mtaichoka kuisikia, ikiwa imejikaza vizuri (yaani imezoea baridi taratibu) inaweza kufika kama -20 na kupita hapo kidogo, lakini Norstar ileile ukiitoa grinhausi kwenye joto la nyuzi 20 ukaitupa kwenye friza, inakufa kwenye -4 au -5 hivi. Mbegu moja, tofauti ni imelala kwenye baridi gani wiki zilizopita. Kwa hiyo ukiona namba ya LT50 popote (yaani baridi inayoua nusu ya mimea) bila maelezo ya mmea ulikuzwaje, usiiamini.

Kujikaza kunaanza udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Huku tunapanda mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa tisa, mche unaota, baridi ya Septemba na Oktoba inaupiga taratibu, na kwa wiki kama nne mpaka nane mmea unajipanga: unarundika sukari, unabadilisha mafuta ya kwenye utando wa seli, unatengeneza protini za kulinda seli zisiharibike zikikauka. Narudia, zikikauka, maana wengi mnadhani barafu inapasua seli kutoka ndani. Kwa kawaida barafu inaanza nje, kwenye nafasi kati ya seli, inavuta maji kutoka ndani na seli inanywea, ikizidi utando unaharibika na hapo ndo kifo. Sukari nayo inatoka kwenye mwanga, kwa hiyo kabla hujawalaumu jeni angalia taa za chumba cha baridi, mmea uliokaa gizani haujikazi sawasawa hata ukiuweka kwenye nyuzi 4 mwezi mzima.

Sasa kulegea. Kujikaza kunachukua wiki, kulegea kunachukua siku tu, ukileta joto la nyuzi 15 mpaka 20 mmea unaachia haraka sana, na hapo ndo hasara zinapotokea. Marekani 2007 mwezi wa tatu ulikuwa na joto lisilo la kawaida, ngano ikanyanyuka, miti ya matunda ikatoa maua, halafu wiki ya Pasaka mwezi wa nne baridi ikarudi kuanzia Kansas mpaka majimbo ya kusini mashariki, hasara ikapita dola bilioni 2. Baridi ileile ingekuja katikati ya Januari ngano isingeshtuka hata kidogo.

Mtauliza si ingejikaza tena? Inaweza, kama bado haijamaliza venalizesheni, yaani zile wiki za baridi inazozihitaji ndo ikubali kutoa maua. Ikishamaliza na kuanza safari ya kutoa suke, uwezo wa kujikaza unapungua, na hata ukiirudishia baridi haifiki pale ilipokuwa. Ndo maana ngano ya mwezi wa pili na ya mwezi wa kumi na moja usizichukulie kitu kimoja.

Na mnaotoka Makete au Kinangop mmeona viazi vikiungua na sakitu mpaka shamba jeusi asubuhi moja, basi kiazi chetu cha kawaida hakijikazi kabisa, kwenye -3 kimekwisha hata ukikizoesha vipi. Kuna ndugu yake wa porini wa Amerika Kusini, Solanum commersonii, huyo akizoeshwa anashuka mpaka -10 na zaidi, watu wamemhangaikia miaka mingi kuhamisha tabia hiyo kwenye kiazi cha kuliwa.

Shambani msikimbilie joto la hewa la kwenye simu. Kinachotakiwa kupona ni kitako cha mmea, pale mizizi na majani vinapokutana, na kiko sentimita chache chini ya udongo. Hewa inaweza kuwa -35 na chini ya theluji ya sentimita 10 joto la udongo likawa juu ya hapo mbali kabisa, theluji ni blanketi. Zikeni sensa za kupima joto kwenye kina cha kitako, mapema, kabla udongo haujawa jiwe.

Kwenye friza sasa, mkitaka kupima hiyo LT50. Weka vitako kwenye makopo ya mchanga wenye unyevu, vikae -3 usiku mzima barafu ianze, maana maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda na ukaanza kushangilia mmea ambao haujagandishwa bado. Halafu shusha nyuzi 2 kwa saa, toa kopo moja kila hatua, yeyusha taratibu kwenye nyuzi 4. Na mimea ikitoka chumba cha baridi isikae mezani kwenye joto huku mnakunywa chai. Baada ya hapo panda, subiri wiki tatu hivi. Kijani cha siku za mwanzo kinadanganya sana, kwa hiyo fukua uangalie kama kuna mizizi mipya nyeupe, kama hakuna andika mmea umekufa.